Mkono Kwanza, Maswali Baadaye

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua imeingia alfajiri bila hodi. Nimehamisha karatasi zote kutoka ukuta wa nyuma, maana ukuta ule hulia kila masika tangu enzi za baba yangu. Kila mwaka nasema nitaupiga lipu, na kila mwaka naupiga maneno. Haya nayaandika kwenye karatasi zilizobaki nilipofunga madaftari ya msikiti. Karatasi nzuri haitupwi.

Binti yangu Saliha amenipa kazi. Chumba cha mbele cha nyumba hii amekifanya mahali pa kulelea watoto wadogo wakati mama zao wako kazini. Kwa sasa wako saba, wa miaka miwili na mitatu. Ketty anayemsaidia amekwenda kwao Kaloleni kupanda mahindi na mamake, atarudi mwezi wa sita. Kuanzia kesho, saa nne hadi saa nne na nusu, nitakaa nao mimi ili Saliha apate kupika uji. Nikamwambia mimi ni mjalidi, kazi yangu ni vitabu. Akasema basi wasomee kitabu. Nimefunga vitabu miaka arobaini na mitatu. Kuvisoma siku zote imekuwa kazi ya wengine.

Jumanne, 8 Aprili

Watoto saba. Mmoja alilia, mmoja alijikojolea, mmoja alikula pembe ya daftari la mteja. Sikusoma kitu.

Jumatano, 9 Aprili

Kwenye sanduku la marehemu mke wangu nimekipata kitabu cha picha alichokuwa akimsomea Saliha. Ni ile hadithi ya Wazungu ya msichana mwenye joho jekundu, bibi yake mgonjwa, na mbwa mwitu. Mgongo umeachia, nimeushona upya. Kurasa za mwisho zimeliwa na panya, kwa hiyo hadithi inakatikia pale mbwa mwitu amelala kitandani. Mwisho wake siukumbuki vizuri, na watoto hawatajua.

Jumatatu, 14 Aprili

Leo wamekaa. Nilianza kama alivyokuwa akianza mke wangu: paukwa. Aliyeitika ni Haroun peke yake, naye alisema maziwa. Tukaendelea hivyo hivyo.

Kitabu ni cha Kiingereza, basi nasimulia kwa Kiswahili nikifuata picha. Msichana abeba kapu la chakula, ampelekea bibi yake ng'ambo ya msitu. Msitu hawaujui, nikasema ng'ambo ya mtaa. Wakauliza bibi ana nini. Nikasema anaumwa, amelala kitandani kama bibi yake Jana. Jana ni mtoto wa Afaf, nyumba ya tatu kutoka hapa, miaka mitatu kasoro miezi. Hasemi sana, lakini akikutazama unajikagua vifungo vya shati. Akaitika kwa kichwa: naam, kama bibi yangu. Wote wakaelewa mara moja. Nikajiona mwalimu.

Kila nikifungua ukurasa wananivuta nywele za mikono. Mikono yangu ina nywele mpaka kwenye vidole, urithi wa baba. Kwa mtoto wa miaka miwili hicho ni kitu cha kushika.

Alhamisi, 17 Aprili

Mtoto wa mtaa huu, kabla hajajua kusema vizuri, ashafundishwa: ukimkuta mtu mzima, shika mkono wake, ubusu, ndipo useme lako. Leo tulipofika ukurasa wa bibi kitandani, Aqsa alisimama akaubusu mkono wa bibi kwenye karatasi. Wakapanga foleni wote. Ukurasa uliloa mate, na mimi nikauacha uloe.

Kisha nikafungua unaofuata. Mbwa mwitu amelala pale pale, kofia ya bibi kichwani, shuka mpaka kidevuni, mkono uko nje. Haroun ashapeleka mdomo. Nilimrudisha.

"Huyo si bibi," nikawaambia. "Bibi ashaliwa. Huyo ni mbwa mwitu, amevaa nguo za bibi."

Saliha akatoa kichwa jikoni akauliza, mbwa, Baba, kitandani? Nikamjibu ni kitabu tu. Watoto walicheka sana kwa Haroun aliyetaka kumbusu mbwa. Jana hakucheka. Aliutazama ukurasa ule mpaka uji ukaja.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua. Wasema, tena. Nimesoma mara nne.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Mara tatu. Jumba la jirani limeangusha kipande cha roshani, hakikumpata mtu.

Alhamisi, 24 Aprili

Afaf alikuja kumchukua Jana adhuhuri akakaa sana na Saliha jikoni. Mimi nilikuwa nakata ngozi, lakini ukuta ni mmoja.

Mamake Afaf ni Bi Mejumaa. Huyu ndiye aliyewasomesha chuo cha Kurani nusu ya watoto wa mtaa huu, Saliha mmoja wao, na misahafu yake yote nimeifunga mimi. Yeye ndiye wa kubusu mkono. Mtoto aliyeingia chuoni kwake bila kumshika mkono alirudishwa nje akaanza upya, hata awe mtoto wa nani. Tangu baada ya Idi yuko kitandani. Daktari alisema wamrudishe nyumbani, na daktari akisema hivyo kila mtu anaelewa. Chakula hakitaki. Kitu kimoja tu kilikuwa kikimlisha: kila adhuhuri Jana akifika huenda moja kwa moja kitandani, akambusu mkono, akampa kijiko cha kwanza cha uji. Akishakula hicho hula na vilivyobaki.

Sasa ni siku ya nne Jana hataki kuingia chumbani. Hufika kizingitini akageuka. Akibebwa hupiga mayowe. Bi Mejumaa hugeukia ukutani tu, na uji unapoa.

Saliha alimwambia watoto wana siku zao. Nami moyoni nikasema vivyo hivyo, nikaendelea kukata ngozi.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua. Jana hakuingia.

Jumatatu, 28 Aprili

Leo Afaf alikuja amevimba macho. Mtoto alimaliza wiki nzima bila kueleza, usiku wa kuamkia leo ndipo akasema. Walimuuliza mbona humsalimu bibi. Akasema, "Yule si bibi."

Wakamuuliza ni nani basi. Akajifunika kanga ya mamake.

Nilikuwa nimeshika sindano ya kushonea. Nikaiweka. Saliha hakunitazama, hana sababu ya kunitazama, yeye alisikia neno mbwa tu siku ile na ashasahau. Afaf anadhani mtoto ameona jini. Ametaja kumleta mtu amsomee dua.

Ningesema pale pale ingekuwa imekwisha. Sikusema. Mtu wa miaka sitini na tisa, nilijitia hamnazo nikauliza kama kuna chai.

Jumanne, 29 Aprili

Nimefanya hivi. Asubuhi nimepika gundi ya unga wa ngano, nikaupaka ukurasa wa mbwa mwitu, nikaubandika kwenye mgongo wa ule wa bibi, nikaweka kitabu chini ya jiwe. Sasa hadithi inakwisha bibi akiwa mzima kitandani na msichana mlangoni. Saa nne nikawasomea hivyo. Haroun aliuliza mbwa yuko wapi. Nikasema amekwenda zake.

Jana aliinuka, akaugusa ukurasa ule mnene kwa kidole. "Yumo ndani," akasema.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua usiku kucha. Ukuta umelia mpaka sakafuni. Bi Mejumaa amekunywa maji tu.

Ijumaa, 2 Mei

Nimekwenda Marikiti kununua unga na ndimu, nikanyeshewa bure. Kwenye ngazi za sokoni nilikutana na Yeslam, babake Jana, anayetengeneza mashine za boti kule Liwatoni. Nilimuuliza hali ya mgonjwa. Akasema tumwombee. Nikaitikia amin. Nilikuwa na nafasi nyingine ya kusema, nikaipisha kama nilivyompisha yeye ngazini.

Jumatatu, 5 Mei

Kila mteja wangu namwambia: masika gundi ya ngano haikauki, ngoja jua lirudi. Miaka arobaini na mitatu nawaambia. Nimemrudisha kadhi mzima na kitabu chake.

Leo nilikuwa nimefika pale bibi amelala, ukurasa mnene ukaachia wenyewe mkononi mwangu. Ulifunguka polepole, umelowa, umeota ukungu wa kijani, na mbwa mwitu akatokea na kofia yake. Ukungu ulikuwa umemshika usoni, akawa wa kutisha kuliko alivyochapwa.

Jana hakulia kama mtoto anayetaka kitu. Alilia mpaka akatapika uji wa asubuhi. Wengine sita wakamfuata, na Saliha akaja na mwiko mkononi. Alimtazama Jana, akatazama kitabu, akanitazama mimi. Akawatuliza wote kwanza. Watoto walipolala ndipo akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, nimewaambia nini hasa. Nikamweleza, na maneno yale ya kama bibi yake Jana sikuyaruka.

Akasema, "Baba, yule mama hali. Siku kumi na tano hali, na wewe wapika gundi?"

Hajawahi kusema nami hivyo. Nimeona haya, na naandika kwamba nimeona haya.

Jumanne, 6 Mei

Mficha uchi hazai. Alasiri nimepiga moyo konde nikaenda, Saliha pamoja nami.

Nilikaa kwenye kiti karibu na mlango, Afaf na Saliha wakakaa kitandani. Sikuwa nimemwona Bi Mejumaa tangu kabla ya mfungo. Alikuwa mwanamke wa mwili. Sasa uso umekwisha, macho yamejaa kichwa kizima, meno yako ndani ya gilasi kando ya kitanda, na sauti inatoka kwa kukwaruza. Mtandio mweupe umefunika kichwa mpaka kwenye nyusi, na shuka mpaka kidevuni. Nilimtazama nikamwelewa mtoto. Ningekuwa na miaka mitatu na nimesomewa nilichosoma, ningekimbia mpaka Makupa.

Nikasema yote. Afaf alifunika mdomo. Bi Mejumaa alisikiliza amefumba macho, na nilipomaliza mabega yalianza kutikisika, nikadhani nimemuua. Alikuwa akicheka. Alicheka mpaka akakohoa, Saliha akamwinua.

"Mbwa, Bwana Alibhai," akasema. "Mimi na udhu wangu."

Akataka kitabu. Nilikuwa nacho ndani ya mfuko. Nikamsomea kutoka mlangoni, mwanamke aliyesomesha watu miaka hamsini, nikimwonyesha picha moja moja, na ukungu wenyewe. Nilipofika msichana anaanza kumuuliza aliye kitandani maswali ya macho, masikio na meno, akaniinulia kidole.

"Hakusalimu?"

Nikaangalia picha. Nikasema hapana, haonyeshwi kusalimu.

"Ndiyo maana. Mtoto aingia kwa mtu mzima, aanza kumkagua mato na mashikio. Angeshika mkono akabusu kwanza, si angeyaona manyoya? Angetoka mbio na kapu lake." Akapumzika. "Na bibi alitoka?"

Nikamwambia kurasa za mwisho hazipo.

"Haya. Kesho mleteni Jana, naye aje na kapu."

Jumatano, 7 Mei

Saa sita na nusu. Mvua imepumua kidogo. Nayaandika haya mara moja nisije nikayapamba baadaye.

Watoto wengine walipokwisha kuchukuliwa mapema, Saliha alitangulia na Jana, mimi nyuma na kitabu. Saliha alikuwa amemfunga mtandio mwekundu kichwani na kumpa kikapu cha mkate wa sinia, ukubwa wa kiganja. Njiani Jana alikuwa hodari. Kizingitini akakwama, akashika mguu wa suruali yangu. Hakuna aliyembeba. Bi Mejumaa alikuwa amekataza asibebwe.

"Nani huyo?" akauliza kutoka kitandani.

Jana akajificha nyuma ya goti langu.

"Haya, uliza. Uliza unavyotaka."

Gari la maji likapita nje, likarudi. Kisha kasauti kakatoka karibu na goti langu, "Mbona mato yako makubwa?"

"Ni yale yale, mwanangu. Uso ndio umekuwa mdogo. Sili."

"Mbona sauti yako mbaya?"

"Naumwa. Na nimekuita sana."

Afaf aligeukia dirishani. Jana aliachia suruali yangu akaenda hatua mbili, akasimama katikati ya chumba. Swali la tatu twalijua sote.

"Na meno yako?"

"Yako gilasini. Angalia."

Akaangalia. Meno yalikuwa ndani ya maji, safu mbili, yamejifunga. Jana aliyatazama, akamtazama aliye kitandani, ambaye alifungua kinywa akamwonyesha fizi tupu. Nadhani hapo alikuwa akipiga hesabu zake, mbwa asiye na meno atamla nani. Lakini bado hakusogea.

Bi Mejumaa akasema, "Sasa nimekufunza nini mimi? Maswali ni baadaye. Kwanza nini?"

Akatoa mkono chini ya shuka, akauweka juu ya kitanda, kiganja juu. Ulikuwa mfupa na ngozi, una madoa ya sindano, na kwenye kucha kumebaki wekundu wa hina ya Idi.

"Njoo uutazame. Usinitazame mimi, tazama mkono."

Jana alikwenda. Aliweka kikapu chini. Aliushika mkono ule kwa mikono miwili, akaugeuza, akaukagua nyuma, akapitisha kidole katikati ya vidole, akaugeuza tena. Alikuwa na uso wa mteja anayekagua mshono wangu. Kisha akamtazama mamake akatangaza, "Hauna manyoya."

Akaubusu.

Uji ulipoletwa alitoa kijiko cha kwanza yeye, nusu kikaenda kwenye mtandio. Bi Mejumaa alikula vijiko tisa. Sote tulivihesabu na hakuna aliyesema kwamba anahesabu. Mimi nilitoka mapema, nikasimama kwenye ngazi nikalia kidogo, kisha nikarudi kwenye kazi yangu.

Alhamisi, 8 Mei

Vijiko sita. Afaf ametuletea samaki wa kupaka.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua. Nimeufuta ukungu kwa kitambaa na siki. Mbwa mwitu amebaki na baka usoni. Wameomba tena, nikawasomea, ukurasa uko wazi. Tulipofika ukurasa wake, Jana alisimama mbele ya kitabu akawazuia wenzake kwa mikono, kama askari wa barabarani. Mkono kwanza, anawaambia. Wakautazama mkono wa mbwa mwitu mmoja mmoja, wakaona manyoya, wakakimbilia chini ya meza. Haroun alibusu kwanza akatazama baadaye. Kila darasa lina mmoja.

Jumatano, 14 Mei

Mara tano. Wote chini ya meza mara tano.

Jumatatu, 19 Mei

Vijiko viwili. Jana alimwambia bibi yake mkono umekuwa baridi, akauingiza chini ya kanga yake mwenyewe.

Jumatano, 21 Mei

Bi Mejumaa amefariki leo alfajiri. Amezikwa baada ya swala ya adhuhuri. Hapakunyesha. Katika wanaume wa mtaa tuliobeba jeneza lile, zaidi ya nusu tulikuwa na wana, wake au dada waliosoma kwake, na vijana wengi walikuwa wamesoma kwake wenyewe. Alikula uji mpaka siku ya mwisho, kidogo, kutoka kwa mtoto. Siku kumi na nne. Hizo zilikuwa zake na nilikaribia kuzila mimi.

Ijumaa, 23 Mei

Hitma ya Bi Mejumaa. Nilikaa na wanaume nje, chini ya turubai. Jana sikumwona.

Jumatatu, 26 Mei

Jana hakuja. Watoto sita. Hawakuomba hadithi, nami sikuitoa.

Jumatatu, 2 Juni

Ketty amerudi na gunia la mihogo na maneno mengi juu ya mahindi yao. Kwa hiyo kazi yangu ya saa nne imekwisha. Nimemkabidhi kitabu. Mwishoni nimeshonea karatasi mbili nyeupe badala ya zilizoliwa na panya. Hazina kitu. Atakayesoma amalizie mwenyewe.

Saa nne nilikuwa karakanani, napaka gundi mgongo wa msahafu, jua linapiga dirishani kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne. Nikahisi natazamwa. Jana alikuwa mlangoni. Karakana ina visu, watoto hawaruhusiwi, na hajawahi kuingia. Nilitaka kumwita Saliha, nikaacha.

Alikuja mpaka kwenye benchi. Niliweka brashi chini nikampa mkono, kwa kuwa ndiyo ada, nikasahau ni mkono wa namna gani. Aliushika kwa mikono miwili. Akaugeuza upande wa nyuma, na pale akasimama. Nywele zangu ni nyeusi bado, nyingi, na siku ile zilikuwa zimeshikana kwa gundi. Akapitisha kidole juu yake, akarudia. Mimi ndiye niliyemwambia mtoto huyu kwamba bibi yake si bibi yake. Nilikaa nikingojea hukumu, wala sikuwa na utetezi.

"Una manyoya," akasema.

Nikasema ndiyo, ninayo.

Akafikiri. Alinitazama usoni, akatazama mkono, akatazama tena usoni.

"Kidogo," akasema, akaubusu. Kisha akaniuliza kama ile gundi inaliwa.